Ngoma, Nkoma na Mtambo: Uhakiki wa Muziki wa Dansi wa Waafrika wa Ughaibuni kwa Sikio la Meru na Embu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali moja ambalo idara zetu za lugha za Kiafrika zimelipita kando kwa muda mrefu. Swali lenyewe ni hili: je, muziki wa dansi utengenezwao kwa mitambo ya umeme, ule uliozaliwa mikononi mwa wana wa Afrika walioko ughaibuni na ambao leo huchezwa katika kila mji wa Kenya, unamhusu mhakiki wa fasihi simulizi? Jibu tulilolizoea ni kwamba haumhusu. Husemwa kwamba muziki huo hauna maneno, na pasipo maneno hapana fasihi. Husemwa pia kwamba ni mazao ya ugeni, na kwamba kijana anayeutegea sikio amekwisha kuipa jadi yake kisogo. Hoja hizi mbili hazifanani, ingawa aghalabu hutolewa na mtu mmoja kwa pumzi moja, na yafaa zipimwe moja moja.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Meru na Embu kwa sababu huko ngoma ya jadi, mtambo na lugha za wenyeji hukutana katika safari ya saa chache tu. Msafiri atokaye mjini Embu hupitia Runyenjes, huvuka mto Thuci, hufika Chuka, kisha Nkubu, na mwisho huingia Meru. Redio ya matatu yaweza kuanza safari na Wimwaro FM, yenye kutangaza kwa lugha za Embu na Mbeere, na kabla ya safari kwisha imekwisha kuhamia Muuga FM kwa Kimeru. Baina ya vituo hivyo viwili dereva hupenda kucheza amapiano ya Afrika Kusini na mugithi wa Kigĩkũyũ. Na msimu wa mashindano ya muziki ya shule unapokaribia, ngoma ndefu za Wachuka husikika zikifanyiwa mazoezi viwanjani. Miongoni mwa vyuo vikuu vya umma vya eneo hilo ni Chuka na Meru, vilivyopata hati zao mwaka 2013, na Embu, kilichopata hati mwaka 2016. Wanafunzi wa vyuo hivyo hufundishwa mchana kwamba fasihi simulizi ni tukio linaloishi kati ya fanani na hadhira. Usiku huingia katika tukio la namna hiyo, lakini mwalimu wao hajawapa istilahi za kulieleza.

Dai letu ni kwamba muziki huu ni usemi, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuuliza katika kila kazi nani anasema, na anasema na nani. Kazi inayostahili sifa ni ile ambamo msemaji na msemeshwaji wangali wanasikika hata baada ya sauti kupita mtamboni. Ile inayoikata ngoma na kumtupa mwenyewe yastahili lawama, hata kama miguu imeipenda. Kama itakavyoonekana, kipimo hiki hakiwahukumu wageni peke yao.

2. Ngoma: neno moja, masikio mawili

Katika Kiswahili neno ngoma lina maana pana. Ni chombo kipigwacho. Ni mchezo uchezwao. Ni nyimbo ziimbwazo humo. Ni mkutano wenyewe wa watu, kama tusemapo ngoma ya harusi au ngoma ya pepo. Katika usemi wa vijana wa leo, Nairobi kama Dar es Salaam, ngoma ni wimbo uliorekodiwa. Mtu hujisifu kwamba ametoa ngoma mpya, wala hapana chombo cha ngozi kilichoguswa. Upanuzi huo haukulivunja neno, kwa kuwa tangu awali ngoma haikuwa jina la kitu kimoja. Lilikuwa jina la tukio zima, na mtambo umeongezwa tu katika orodha ya vyombo vyake.

Lakini neno hilo likipandishwa mlimani hukuta sikio jingine. Kwa Gĩkũyũ, na vivyo hivyo huko Embu, ngoma ni mizimu, yaani roho za watu waliokwisha kufa. Kwa Kimeru ni nkoma, kwa sababu lugha hiyo huhifadhi sauti k baada ya king'ong'o pale ambapo Gĩkũyũ huigeuza kuwa g. Mbali huko pwani, Wamijikenda nao huwaita wazee wao waliofariki koma. Katika Gĩkũyũ kitenzi koma maana yake ni kulala, na si vigumu kuona jinsi wafu walivyoweza kuitwa waliolala.

Hatudai kwamba ngoma ya Kiswahili na ngoma ya mlimani zina shina moja. Mwanaisimu atasema kwamba ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, na kauli yake tunaikubali. Hata hivyo sadfa hii yamfaa mhakiki, kwa sababu yampa maswali mawili badala ya moja. Sikio la Kiswahili huuliza: hapa pana mchezo gani, na nani wamekusanyika? Sikio la Embu na Meru huuliza: ni nani kati ya wasiokuwapo anayesemeshwa hapa? Tutaona kwamba muziki wa Waafrika wa ughaibuni hauelezeki vyema mpaka maswali yote mawili yameulizwa.

Si ngoma peke yake iliyopata masikio mawili. Tangu mwaka 2015 kumekuwa na tamasha la muziki lililoanzia Jinja, Uganda, liitwalo Nyege Nyege. Kwa Kiganda jina hilo latokana na neno lenye maana ya hamu ya ghafla ya kucheza, ile isiyozuilika. Kwa Kiswahili, kila msomaji wa jarida hili anajua lina maana gani. Mwezi Septemba 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha hilo kwa madai ya upotovu, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Mambo ya namna hii si mapya katika nchi zetu. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Mũthĩrĩgũ, ngoma ya Wagĩkũyũ iliyovuma katika ule ugomvi wa 1929 juu ya tohara ya wasichana, na ambayo nyimbo zake ziliwakejeli wamisionari na machifu. Hatuwafananishi waliopigwa marufuku wala waliopiga. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba serikali hazijishughulishi hivyo na kelele tupu. Zinapoisaka ngoma, huwa zimekwisha kutambua kwamba ngoma inasema kitu na kwamba kuna wanaosikia. Ajabu ni kwamba watawala wameutambua ukweli huu mapema kuliko wahakiki.

3. Mtambo katika mikono ya waliotawanywa

Sasa tuitazame hoja ya ugeni. Muziki uitwao hausi ulipata jina lake kutokana na klabu ya Chicago iliyoitwa Warehouse, ambako dijei Frankie Knuckles alianza kupiga mwaka 1977. Waliojaa humo wengi walikuwa Wamarekani weusi na watu wa asili ya Kilatini, na wengi wao walikuwa mashoga, watu ambao milango mingine ya mji haikuwafungukia. Muziki wa tekno nao ulitoka Detroit, kwa vijana weusi kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, na jina lake lilienea duniani baada ya mkusanyo wa nyimbo zao kutolewa Uingereza mwaka 1988. Uingereza kwenyewe, watoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi waliunda muziki wa janguli mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakifuata desturi ya Jamaika ya mitambo mikubwa ya sauti na emsii aongozaye hadhira. Lisbon, watoto wa familia zilizotoka Angola, Cape Verde na São Tomé wanatengeneza ngoma zao pembezoni mwa mji, na lebo ya Príncipe imekuwa ikizitoa tangu mwaka 2011. Basi muziki huu unapoitwa wa kizungu, historia yake inakanushwa.

Chombo chenyewe ni cha kigeni, hilo ni kweli. Mashine za ngoma zilizoujenga muziki huu, kama vile Roland TR-808 ya mwaka 1980 na TR-909 ya mwaka 1983, zilibuniwa Japani ili zimsaidie mwanamuziki asiye na mpiga ngoma. Mashine ya kwanza haikufaulu sana sokoni. Ilipoacha kutengenezwa iliuzwa kwa bei ya chini, nayo ikaangukia mikononi mwa vijana wasiokuwa na fedha, wakaitumia kwa namna ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hadithi hii si ngeni. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya Beni, alionyesha jinsi watu wa pwani, na baadaye askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walivyoitwaa bendi ya matarumbeta ya Wazungu wakaifanya ngoma ya mashindano, yenye vyeo vyake na nyimbo zake za kutupiana maneno. Mlimani nako, kodiani iliyokuja na walowezi ikawa chombo cha mwomboko. Hapana mwalimu anayemwambia mwanafunzi leo kwamba mwomboko ni wa kigeni kwa sababu kodiani haikuchongwa Nyeri. Yafaa hukumu hiyohiyo itolewe kwa mashine.

Hoja ya maneno ina uzito zaidi. Tekno nyingi hazina hata sentensi moja. Lakini tuangalie kundi la Drexciya la Detroit. Katika maelezo yaliyoambatana na mkusanyo wao wa mwaka 1997 uitwao The Quest, walieleza kisa cha taifa linaloishi chini ya bahari ya Atlantiki: watoto wa wanawake wajawazito waliotupwa majini kutoka katika merikebu za watumwa, ambao hawakufa bali walijifunza kupumua ndani ya maji. Ukikijua kisa hicho, mapigo yasiyo na maneno hupata hadhira ambayo huwezi kuiona. Muziki unachezwa ghorofani Detroit, na wanaosemeshwa wako chini ya bahari. Mzee wa Tigania asiyejua lolote kuhusu Detroit angeuliza swali lake la kawaida, la nani asiyekuwapo anasemeshwa, naye angelikuta jibu mara moja. Kwa lugha yake, hao ni nkoma.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaolipima fungu la maneno kwa mizani ya kuhesabu. Ngoma yaweza kuwa na maneno machache sana na bado ikawa usemi, ilimradi msikilizaji amepewa njia ya kujua anayesemeshwa. Kisa cha Drexciya kimeandikwa kwenye jalada wala hakiimbwi, lakini kimefungamana na santuri kama vile utangulizi wa mtambaji unavyofungamana na ngano yake.

4. Maneno yanapozidi: kutoka Manzese hadi Kampala

Afrika Mashariki ina mfano wa kinyume chake. Singeli, iliyokua katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ni ngoma ya kielektroniki ambayo maneno yake yamejaa hadi kufurika. Ni mrithi wa mchiriku na vinanda vyake vidogo vya umeme, na mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Emsii hulazimika kuyakimbiza maneno ili yasiachwe nyuma, na katika mbio hizo hutaja kodi ya nyumba, wivu, ukosefu wa kazi, na majina ya watu na mitaa. Hadhira humjibu. Kwa vipimo vyovyote vya fasihi simulizi tunavyofundisha, yaani fanani, hadhira, mandhari na ubunifu wa papo kwa papo, singeli ni utanzu kamili.

Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na baada ya hapo singeli ikaanza kuchezwa Ulaya. Jambo hili ni la kujivunia, lakini lina kasoro ambayo mtu wa lugha hana budi kuitaja. Santuri zilizofuata kwa ajili ya wasikilizaji wa nje zimewatanguliza zaidi watayarishaji wa mapigo, na emsii amerudishwa nyuma. Jay Mitta aliiita kazi yake ya mwaka 2019 Tatizo Pesa, na jina hilo peke yake ni hoja nzima ya uchumi. Lakini mchezaji wa Berlin asiyejua Kiswahili hupokea kasi bila tatizo na bila pesa. Tukirudi kwenye kipimo chetu, tutasema kwamba singeli iko hai pale inapochezwa nyumbani, na kwamba inaposafiri hupungukiwa na msemeshwaji. Kosa si la watayarishaji. Ni upungufu wa wafasiri, na wafasiri hao walipaswa kutoka katika idara kama zetu.

Kampala ina ughaibuni wake pia. Rey Sapienz, mtayarishaji kutoka mashariki ya Kongo aliyehamia huko, alishiriki kuanzisha lebo ndogo iitwayo Hakuna Kulala, na mwaka 2021 alitoa pamoja na kundi lake kazi iitwayo Na Zala Zala. Lebo hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 2018 kazi ya Mkenya ajulikanaye kwa jina la Slikback, iitwayo Lasakaneku. Kazi hiyo ni ya mapigo mazito yaliyovunjikavunjika, isiyo na neno, isiyo na kisa, na ambayo jina lake halimwelekezi msikilizaji wa Kiswahili popote. Twakiri kwamba nguvu yake ni kubwa na ustadi wake hauna shaka. Lakini ukiuliza inasema na nani, kazi yenyewe haijibu. Huenda ndivyo msanii alivyotaka, na ana haki hiyo. Mhakiki naye ana haki ya kusema kwamba hapa ngoma imebaki chombo, na kwamba sehemu zile nyingine za maana ya ngoma zimeachiwa mchezaji azitafute mwenyewe.

5. Waliolala katika kumbukumbu za sauti

Tumefika sasa penye jambo zito zaidi. Muziki wa mtambo una uwezo ambao kodiani haikuwa nao: waweza kukata sauti ya mtu mwingine na kuirudia bila kikomo. Na sauti za wazee wetu zimehifadhiwa kwa wingi. Hugh Tracey alirekodi nchini Kenya mwaka 1950, na hazina aliyoianzisha mwaka 1954 iko hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 2016 mradi uitwao Beating Heart uliwapa watayarishaji wa muziki wa dansi kanda za Tracey kutoka Malawi ili wazitengeneze upya, na mapato yakaelekezwa katika kazi za hisani huko Malawi. Nia ilikuwa njema, na baadhi ya matokeo yanapendeza. Hata hivyo hisani haiondoi swali la uhakiki. Mwanamke aliyeimba mbele ya kinasa sauti cha Tracey alikuwa akimwambia mtu jambo fulani. Kipande cha sauti yake kinapokatwa mahali panapofaa pigo, bila kujali mahali sentensi inapoishia, sauti hiyo inageuzwa rangi ya kupambia. Mwenye sauti amelala, na aliyemwamsha hana swali la kumwuliza.

Njia nyingine imeonyeshwa na kijana wa Nairobi. Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, alihamia Berlin mwaka 2020. Amebeba jina la babu yake, kwa mujibu wa desturi ya Wagĩkũyũ ambayo Waembu wanaijua vilevile. Babu huyo ni Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018, ambaye nyimbo zake za Gĩkũyũ ziliwafunza, kuwachekesha na kuwaudhi wasikilizaji wa mlima mzima kwa zaidi ya miongo mitatu. Mjukuu ameanza kuzitoa upya nyimbo hizo kama zilivyokuwa, zikiwa na majina yake na lugha yake. Hakuzikata.

Tena mwaka 2022 alitoa kazi iitwayo Temporary Stored, iliyotokana na kusikiliza kumbukumbu za sauti za jumba la makumbusho la Afrika ya Kati lililoko Tervuren, Ubelgiji. Si muziki wa kuchezwa. Sauti zilizohifadhiwa huibuka polepole kati ya mivumo ya mitambo, na hazisukumwi na pigo lolote kwenda kumfurahisha mtu. Jina lenyewe, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri kuwa kilichowekwa kwa muda, ni shauri dhidi ya jumba: kilichowekwa kwa muda hungoja kurudishwa. Hapa msemaji na msemeshwaji wote wawili wanasikika. Wanaosema ni waliolala, na anayesemeshwa ni mwenye ghala. Kwa kipimo tulichokiweka, hii ni kazi bora, na tunaisifu ingawa haichezeki.

Msomaji atauliza: je, basi, lazima mtu aache kucheza ili awaheshimu wafu? La. Drexciya wanachezeka. Kinachotakiwa ni kwamba mkataji ajue anakata usemi, na aiache alama ya mkato wake ionekane.

6. Ngoma ya Chuka mbele ya hukumu hiyohiyo

Sasa turudi nyumbani, ambako kipimo hiki kitatuumiza kidogo. Wachuka wanakaa kati ya Embu na Meru. Hadi mwaka 1992, Tharaka-Nithi ilipotengwa, nchi yao ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru. Ngoma yao inajulikana Kenya nzima. Ni ndefu na nyembamba. Mpigaji huibana kati ya mapaja, akaiinamisha mbele na kuipiga kwa viganja huku akisogea nayo, na wapigaji ni wengi kwa pamoja. Mtu aliyekulia Kenya amewaona katika sherehe za taifa, katika Bomas of Kenya, au katika tamasha la muziki la shule na vyuo.

Tumezoea kuhofu kwamba siku moja mtayarishaji wa ng'ambo ataikata ngoma hiyo na kuibandika jina la ngoma za Kiafrika bila zaidi. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kabla ya mtambo kuikata, sisi wenyewe tulikwisha kuikata. Tuliitoa katika mahali pake na majira yake tukaipa dakika chache jukwaani. Tuliiweka mbele ya wageni wa heshima wasiojua neno la lugha ya Chuka, na mtangazaji akawaambia kwamba wanaona utamaduni. Katika mashindano tuliipa alama kwa usawa wa mavazi na wepesi wa miguu. Wangapi kati yetu, tunaofundisha fasihi simulizi, twaweza kusema ni maneno gani yaliyokuwa yakiandamana na pigo lipi, au ni nani alikuwa akiitwa kwa pigo hilo? Mtayarishaji wa Ulaya anayeitumia ngoma ya Chuka kama rangi amejifunza kutoka kwetu. Jukwaa la taifa lilikuwa mtambo wa kwanza wa kukata.

Kinyume chake, tutazame jambo ambalo wasomi hulidharau. Katika mabaa ya Embu na Meru usiku wa mwisho wa juma huimbwa mugithi, ngoma iliyoitwa kwa jina la garimoshi kwa sababu wachezaji hushikana mabega wakaenda kwa mstari. Mwimbaji huwa mmoja na gitaa lake, na nafasi ya bendi imechukuliwa na mashine ya mapigo au kinanda cha umeme. Huu ni muziki wa dansi wa kielektroniki bila shaka yoyote, ingawa hapana aliyeuita hivyo. Mwimbaji huunganisha nyimbo za zamani, zikiwemo za marehemu, na kati yake huingiza majina ya waliopo, huwasifu, huwatania, huwaomba, huwajibu. Kama hadhira ni ya Waembu, maneno huvutwa kuelekea Kiembu. Sehemu nyingine ya maneno hayo haifai kuandikwa hapa, nayo vilevile ni sehemu ya utanzu, kama ilivyo katika nyimbo za harusi na za jando. Usiku huohuo, kwa tofauti ya saa, Wakenya walioko Marekani hukodi kumbi wakacheza mugithi huohuo, na mwimbaji akisafiri kuwafikia huyaita majina ya vijiji vyao. Mtambo upo, ughaibuni upo, na bado usemi haukukatika.

Ndiyo kusema kwamba kinachotenganisha ngoma hai na ngoma iliyokatwa si ngozi dhidi ya umeme. Ngoma ya ngozi jukwaani yaweza kuwa bubu, na mashine ya mapigo katika baa ya Runyenjes yaweza kusema. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi aache ya pili aende kwenye ya kwanza anamwelekeza asipopajua.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, muziki wa dansi wa Waafrika wa ughaibuni una nasaba ileile ya Beni na mwomboko: chombo cha mgeni katika mikono ya watu wenye la kusema. Pili, uchache au wingi wa maneno si kipimo cha kutosha. Drexciya wanasema kwa kisa, singeli inasema kwa mafuriko ya Kiswahili, na KMRU anasema kwa kumrudisha msemaji aliyekuwa ghalani. Tatu, ubora wa kazi hizi wapaswa kupimwa kwa swali la nani anasema na nani, na swali hilo linawahusu waandaaji wa sherehe zetu za taifa sawasawa na watayarishaji wa Ulaya.

Kutokana na hayo kuna kazi ya kufanywa, nayo ni ya watu wa lugha. Wapigaji wa Chuka waliojifunza ngoma hiyo kwa wazee wao, na si kwa mwalimu wa tamasha, hawataishi milele. Yafaa wanafunzi wa Chuka, Embu na Meru watumwe kwao wakiwa na vinasa sauti na kalamu, waandike majina ya mapigo kwa lugha ya mpigaji, maneno yanayoandamana nayo, na jina la kila mpigaji kwa ruhusa yake. Kanda itakayobeba habari hizo haitaweza kukatwa kwa urahisi na asiyejali, kwa sababu kila kipande chake kitakuwa na mwenyewe. Na kijana wa Embu atakayeitia kanda hiyo katika kompyuta yake ili atengeneze ngoma ya kuchezwa London au Nairobi, atakuwa na la kuwaambia wachezaji.

Lugha za mlima zimetufunza kwamba ngoma ni waliolala. Basi kabla hatujamlaumu anayewaamsha kwa mashine, na tujiulize kama sisi tuliokaa karibu nao tunayakumbuka majina yao.